Kurudiana na Maziwa

 

Mada ya leo ni ya tumbo, na mtu hapendi kulizungumzia tumbo lake hadharani. Akiharisha kwa sababu ya maji machafu atasema, maana hapo kuna wa kulaumiwa. Akijaa gesi kwa glasi ya maziwa aliyojimiminia mwenyewe, hunyamaza, hulegeza mkanda, akahamia kiti cha karibu na dirisha. Kwa kuwa hasemi, haulizi. Na kwa kuwa haulizi, huokota maelezo popote yalipo. Ndiyo maana nilipoombwa kuja hapa sikukataa.

Siku hizi wanaoacha maziwa kwa muda ni wengi kuliko tunavyodhani, na sababu zao hazifanani. Wapo waliofunga mfungo wa Danieli: siku 21 za mboga, nafaka na maji, bila nyama wala maziwa. Wapo wanafunzi wa bweni ambao muhula mzima chai yao ni ya rangi, ile ambayo wenzetu wa Kenya huiita strungi. Yupo binti aliyeambiwa chunusi zake zinatokana na maziwa, kijana anayepunguza kitambi, na mtu aliyehama kijijini akakuta mjini maziwa ni ya kupimiwa kwa kikombe na bei yake haishikiki. Jirani zetu Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi huacha maziwa, siagi, mayai na nyama kwa siku 55 kabla ya Pasaka, kila mwaka, na wamefanya hivyo kwa karne nyingi.

Kisha siku ya kurudi inafika. Mfungo umekwisha, shule zimefungwa, mtu amechoka na chai ya rangi. Anajimiminia glasi kubwa ya maziwa, pengine anaongeza ya pili kwa furaha. Haipiti saa mbili, tumbo linanguruma. Linajaa, linasokota, ushuzi haukatiki, na wengine hukimbilia chooni. Yote hayo kwa kitu alichokinywa tangu utotoni bila shida yoyote.

Hapo hupewa maelezo ya aina mbili. Ya kwanza huyapata kwa wauzaji wa dawa za kusafisha mwili: kwamba alikuwa amezoea sumu, sasa mwili umetakata, na kwa kuwa umetakata unaikataa sumu hiyo. Ya pili huyapata nyumbani kwao: mwili umesahau kusaga maziwa. Ya kwanza ni uongo mtupu na sitayapa muda mrefu. Ya pili yana ukweli ndani yake, ila yanamsingizia asiyehusika, na tukimjua anayehusika hasa ndipo tutakapojua namna ya kurudi.

Tuanze na kilichomo ndani ya glasi. Mililita 250 za maziwa ya ng'ombe zina sukari gramu 12 hivi. Siyo sukari mliyoitia ninyi kwa kijiko. Ni ya maziwa yenyewe, na wataalamu huiita laktosi. Imeundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na zikiwa zimeshikana haziwezi kupenya ukuta wa utumbo zikaingia kwenye damu. Lazima zikatwe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kinachokaa juu ya vinyweleo vidogo sana vinavyoufunika ukuta wa utumbo mwembamba. Kikiwapo cha kutosha, laktosi hukatwa, sukari zake huingia kwenye damu, na mwenye tumbo wala hajui kwamba kuna kazi imefanyika.

Kikiwa kichache, laktosi hupita nzima. Sukari iliyobaki ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini, ndiyo maana choo huwa laini au majimaji. Ikifika utumbo mpana inawakuta bakteria, mabilioni kwa mabilioni, wanaoipokea kwa shangwe. Wanaichachusha, na katika kuichachusha wanatoa hidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Gesi hiyo ikizidi hulitunisha tumbo. Sehemu ya hidrojeni huingia kwenye damu na kutoka na pumzi; hospitali zenye kifaa chake hupima tatizo hili kwa kumnywesha mtu laktosi na kumpulizisha kwenye kipimo kila baada ya muda. Katika habari yote hii hakuna sumu. Kuna sukari ambayo haikukatwa, kuna maji, na kuna gesi.

Basi nimemaliza na wauzaji wa dawa za kusafisha mwili.

Sasa haya ya pili, ya mwili kusahau. Watu hukichukulia kimeng'enya hiki kama msuli: usipokitumia kinasinyaa, ukikirudia kinanenepa. Dhana hiyo imepimwa. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na ugonjwa unaowazuia kutumia galaktosi, na hao hukatazwa maziwa tangu uchanga wao. Kama kutokunywa maziwa ndiko kunakoua kimeng'enya, wao wangekuwa wa kwanza kukikosa. Madaktari wa Marekani waliowachunguza katika miaka ya 1960 walikuta uwezo wa kukata laktosi upo palepale kwa wengi wao. Upande wa pili, mwaka 1972 watafiti wa Israel wakiongozwa na T. Gilat walichapisha habari za watu wazima wenye upungufu wa kimeng'enya walionyweshwa maziwa miezi kwa miezi ili ionekane kama kitaamka. Hakikuamka. Kuacha maziwa hakukishushi, na kuyarudia hakukipandishi.

Kinachokishusha ni umri, kwa amri ya jeni. Kwa binadamu wengi, kama ilivyo kwa wanyama wengine wanaonyonyesha, kimeng'enya hiki huwa kingi wakati wa kunyonya, kisha hupungua kidogo kidogo mtoto akishaachishwa ziwa. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wamo katika kundi hilo, kwa hiyo anayejiona mgonjwa kwa kuwa nacho kidogo ajue kwamba wenzake ndio wengi. Aliyeacha maziwa akiwa na miaka 10 na kuyarudia akiwa na 30 atakuta kweli kimepungua, lakini kingepungua hata kama angeyanywa kila asubuhi. Aliyeacha kwa siku 21 hawezi kusema hivyo. Kimeng'enya alichoingia nacho kwenye mfungo ndicho alichotoka nacho.

Kabla sijamtaja anayehusika, niruhusuni nizunguke kidogo, maana katika sayansi ya jambo hili sisi wa Afrika Mashariki tuna kiti cha mbele na wengi wetu hatujui.

Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa Baltimore, Marekani, waliandika kwamba watu wazima wengi wenye afya njema hawana kimeng'enya cha kutosha, na wakagundua kwamba upungufu huo umezidi kwa Wamarekani weusi. Ingekuwa rahisi habari kuishia hapo, ikawa ni jambo la rangi. Lakini mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la Lancet vipimo walivyovifanya Uganda. Waganda wengi waliowapima walikuwa na kimeng'enya kidogo. Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, wengi wao walikuwa nacho. Watu wa rangi moja, wanaoishi nchi moja, matumbo mbalimbali. Rangi ya ngozi ikakosa la kusema mapema kabisa, na ushahidi ulitoka hapahapa kwetu.

Mwaka 2002 watafiti wa Ufini walipata badiliko la vinasaba linalowafanya Wazungu wengi wabaki na kimeng'enya hadi uzeeni. Miaka 5 baadaye, mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Wafugaji wetu hawakuwa na badiliko lile la Ulaya. Walikuwa na mengine matatu, yaliyozuka peke yake, mbali na lile la Ulaya, na kuenea kwa kasi katika miaka takriban 7,000 iliyopita, yaani tangu watu wa upande huu wa dunia walipoanza kuishi na mifugo. Moja kati ya hayo limejaa hasa Kenya na Tanzania. Na katika waliopimwa walikuwamo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hawafugi hata mbuzi. Karibu nusu yao walionekana wanakata laktosi vizuri. Watafiti wenyewe walitoa wazo kwamba kimeng'enya hichohicho hukata pia kemikali fulani chungu inayopatikana katika mimea, na huenda mtu anayeishi kwa matunda na mizizi ya porini anakihitaji kwa hilo. Wazo tu, lakini nalipenda.

Lililonivutia kuliko yote ni habari ya meno. Mwaka 2021 zilichapishwa habari za ukoga uliokwanguliwa kwenye meno ya watu wa kale waliofukuliwa Sudan na Kenya. Ndani ya ukoga ule mlikuwa na protini za maziwa, na za zamani zaidi zilikuwa na umri wa miaka kama 6,000. Watu hao walikunywa maziwa, hilo halina ubishi. Lakini miaka 2 kabla ya hapo, watafiti waliosoma vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania walimpata mmoja tu mwenye badiliko la kubakiza kimeng'enya, na huyo ni wa pango la Gishimangeda, jirani na Ziwa Eyasi, aliyeishi miaka kama 2,000 iliyopita. Wengine wote hawakuonekana nalo.

Unganisheni mambo hayo mawili. Kwa maelfu ya miaka watu wa nchi hizi waliishi kwa maziwa huku wengi wao wakiwa na kimeng'enya kidogo kama chako wewe unayelegeza mkanda. Hawakufa, na wala hawakuacha. Waliwezaje?

Njia ya kwanza mnaijua, kwa sababu bado ipo majumbani: hawakuyanywa mabichi na matamu kila mara. Waliyagandisha. Mtindi wa Tanzania, maziwa lala ya Kenya, ikivuguto cha Rwanda na Burundi, mursik ya Wakalenjini inayokaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, yote ni maziwa ambayo bakteria wameanza kuyala kabla ya mwenye nyumba. Sukari imepungua, na iliyobaki hushuka taratibu kwa sababu uji ule mzito hauharakishi kutoka tumboni.

Njia ya pili ndiyo yenye jibu letu. Angalieni Wasomali wafugaji wa ngamia. Watafiti wa Uingereza waliochapisha mwaka 2009 vipimo vya Wasomali wa Ethiopia walikuta wengi wao hawana uwezo wa kukata laktosi, na bado watu haohao hunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa kwa siku bila kulalamika. Kimeng'enya hawana, laktosi inafika utumbo mpana kila siku, na tumbo limetulia. Kinachowatofautisha na wewe uliyetoka kwenye mfungo ni wale wapangaji wa utumbo mpana. Tumbo linalopokea laktosi kila siku hukuza bakteria wanaojua kuila vizuri, hasa jamii ya bifidobakteria, ambao huichachusha bila kutoa hidrojeni. Wanaotoa gesi nyingi hunyang'anywa riziki yao na kupungua. Ukiacha maziwa, riziki inakatika kwa hao walaji wazuri, nao wanapungua siku hadi siku. Ukirudi kwa kishindo na glasi mbili, laktosi inawakuta wenyeji wengine kabisa, wale wa kutoa gesi.

Kwa hiyo aliyesahau ni bakteria, si mwili wako. Na bakteria hukumbuka upesi.

Hilo nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1996 S. Hertzler na D. Savaiano wa Marekani walichapisha jaribio ambalo mimi nalihesabu kuwa kiini cha mada hii. Waliwachukua watu wenye upungufu wa kimeng'enya, wakawapa laktosi kila siku kwa siku 10, wakianza na kiasi cha chini na kukipandisha hatua kwa hatua. Kwa kulinganisha, watu haohao walipewa siku nyingine 10 za sukari isiyo ya maziwa. Katika jaribio jingine la utafiti huohuo, la siku 16 za laktosi, uwezo wa bakteria wa kuikata, uliopimwa kwenye choo, uliongezeka karibu mara 3. Na baada ya zile siku 10 za laktosi, hidrojeni ya kwenye pumzi ilishuka sana, na shida ya ushuzi ilipungua kwa nusu. Siku 10 tu.

Sasa namna ya kurudi. Nitasema ninavyowashauri watu, na ambaye tumbo lake lina historia yake apunguze au aongeze.

Anza na mtindi, na kama unapata yogati yenye bakteria hai, anza na hiyo. Mwaka 1984 J. Kolars na wenzake walionyesha kwamba laktosi ileile ikiliwa ndani ya yogati hutoa hidrojeni theluthi moja tu ya ile inayotoka ikinywewa kwenye maziwa, kwa sababu bakteria wa yogati huingia tumboni na kimeng'enya chao wenyewe na kuendelea kukata wakiwa njiani. Wakipikwa hufa, kwa hiyo yogati ya kupikia mchuzi haihesabiki hapa. Bakteria wa mtindi wa kienyeji na maziwa lala ni wa jamii nyingine na hawana nguvu ileile, lakini sukari yenyewe imekwisha kupungua, na mtindi haunywewi peke yake. Unaliwa na ugali, na ugali ni nusu ya dawa, kwa maana chochote kinachochelewesha maziwa kutoka tumboni hukipa muda hata hicho kimeng'enya kidogo ulicho nacho.

Nusu kikombe pamoja na chakula, siku mbili tatu za mwanzo. Kikikaa vizuri, kikombe kizima. Halafu njoo kwenye chai ya maziwa: kikombe kilichopikwa nusu maji nusu maziwa kina laktosi gramu 6 hivi, na watu wengi hukivumilia. Glasi ya maziwa matupu iwe ya mwisho, na hata hiyo inywe na chakula, si alfajiri tumbo likiwa tupu. Wengi wenye upungufu huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja, yaani hiyo glasi moja, bila dalili za maana. Wakenya waliosoma miaka ya 1980 watakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979. Pakiti ile ya mililita 200 haikufika gramu 10. Aliyeipanga hakuwa akiwaza laktosi, nadhani, lakini kipimo chake kiliangukia pazuri.

Lipe zoezi hili wiki mbili. Gesi kidogo katikati si dalili ya kushindwa; ndiyo bakteria wenyewe wanaohama na kuhamia. Ikizidi, rudi kiasi cha jana, ukae hapo siku chache zaidi. Anayeacha kabisa kwa sababu ya usiku mmoja mbaya, kisha akajaribu tena baada ya mwezi kwa glasi kubwa ileile, atapata usiku uleule.

Kuna mambo watu huyategemea ambayo hayasaidii. Kuchemsha hakuondoi laktosi. Maziwa ya mbuzi yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, na ya ngamia vilevile. Ukiona yamekukubali, angalia kwanza kama hukuyanywa kidogo kuliko ulivyozoea. Kutoa mafuta hakusaidii, na maziwa ya unga yanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi, na mkono unaochota kijiko cha unga ni mwepesi. Samli haina laktosi ya kuhesabika, siagi ina chembe tu, na jibini gumu lililokaa miezi limebakiwa na kidogo sana. Tazameni meza ya Waethiopia siku ya Fasika, wanapotoka kwenye zile siku 55: doro wat, mchuzi wa kuku uliopikwa kwa siagi yenye viungo, na kando yake ayib, jibini laini linalotokana na maziwa yaliyochachuka. Baada ya karne za kufunga na kufungua, desturi imejua kitu cha kutanguliza.

Sitaki muondoke hapa mkidhani kila tumbo linalojaa limejazwa na maziwa. Mwaka 1995 F. Suarez, D. Savaiano na M. Levitt waliwachukua watu 30 waliokuwa wakisema kwamba maziwa, hata yakiwa kidogo, huwaumiza vibaya. Walipopimwa, 9 kati yao walikuwa wanakata laktosi bila tatizo lolote. Kisha wote walipewa glasi moja kwa siku, wiki moja maziwa ya kawaida na wiki nyingine maziwa yaliyokwisha kukatwa laktosi, bila kujua yapi ni yapi. Dalili zilikuwa ndogo, na wiki hizo mbili hazikutofautiana. Watu hao hawakuwa waongo. Tumbo liliuma kweli. Ila aliyelaumiwa siye.

Nasema hivi nikiwakumbuka hasa waliomaliza mfungo. Siku ya kufungua mtu hula pilau, nyama ya kuchoma, chapati tatu na soda, na juu ya hayo glasi ya maziwa. Usiku tumbo likivuma, maziwa ndiyo yanayohukumiwa peke yake. Ukitaka kujua ukweli, rudisha kitu kimoja kwa wakati wake.

Sasa nitaje ambao ushauri wangu hauwahusu. Mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa. Huo ni ugomvi wa kinga ya mwili na protini za maziwa, si sukari yake, na huwapata zaidi watoto wachanga na wadogo. Mtu mwenye mzio akinywa maziwa anaweza kutokwa na vipele vya kuwasha, kuvimba midomo au uso, kutapika, kukohoa au kubanwa pumzi, na kwa wachache hali hiyo huua. Mtoto aliyekatazwa maziwa na daktari kwa sababu ya mzio asirudishiwe nyumbani kwa kijiko cha mtindi eti tumesikia kwenye mhadhara. Arudishwe na daktari.

Wengine ni waliotoka kuugua. Kuhara kukali, hasa kwa mtoto, au vijidudu vya giadia, huukwangua ukuta wa utumbo na kimeng'enya kikaondoka nao. Hapo kupungua kwake ni kwa kweli lakini ni kwa muda. Ukuta ukipona, kwa kawaida ndani ya wiki chache, kimeng'enya hurudi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya wakati wote huo. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na bado hayo ndiyo yanayomfaa.

Na zipo dalili ambazo laktosi haiwezi kuzileta hata ukinywa ndoo: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, homa, kuharisha kunakokuamsha usiku wa manane, upungufu wa damu. Ukiwa na mojawapo, acha kuhesabu vikombe uende hospitali.

Jambo la maziwa mabichi ni fupi lakini sitalipita. Anayerudi asirudi kupitia maziwa ambayo hayakuchemshwa, hata kama yametoka kwa ng'ombe wa babu. Homa ya Malta na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo, na kugandisha peke yake si kinga ya kutegemewa. Chemsha, acha yapoe yabaki vuguvugu, kisha tia mbegu ya mtindi wa jana. Ladha ya kibuyu ikikukosa, vumilia.

Na asiyetaka kurudi? Halazimishwi. Glasi moja hutoa kalisi miligramu 300 hivi, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki na ufuta vitaziba pengo kubwa, ikiwa vinaliwa kwa wingi na si kwa kupamba sahani. Anayekula hivyo simwoni kama amepoteza kitu. Ninayemsikitikia ni yule aliyeacha maziwa anayoyapenda, akajaribu kurudi mara moja, akaumwa, akajitangaza mgonjwa maisha yake yote.

Wachungaji mliomo humu, mnapowatangazia watu siku ya kumaliza mfungo, watangazieni pia waanze na mtindi kidogo pamoja na chakula, glasi ingoje wiki ya pili. Wazazi wa watoto wa bweni, msimngoje mtoto getini na chupa ya maziwa kama mnamlipa fidia ya muhula mzima wa chai ya rangi. Na ninyi wauguzi, mtu akija kusema tumbo limemvuruga tangu aliporudia maziwa, kabla ya kumwandikia dawa ya minyoo muulizeni maswali mawili: aliyaacha kwa muda gani, na siku ya kwanza alikunywa kiasi gani.